Sura ya Malimi, Sauti ya Mwingine

"Ndo huyu?"

Yeremia alikuwa ameshamkaba yule kijana kwenye kola. Wanafunzi waliokuwa kwenye chumba cha kompyuta, katika chuo kimoja pale Nyakato, Mwanza, waliacha kuchapa wote kwa pamoja na kugeuka.

"Suzana, nakuuliza! Ndo huyu?"

Suzana alisimama mlangoni. Hakuwahi kukutana na kijana yule hata siku moja, lakini sura yake aliijua kuliko ya ndugu zake. Nyusi nzito, kovu dogo kidevuni, jicho la kushoto linalofumba kidogo akitabasamu. Miezi minane alikuwa akilala na picha zake kwenye simu, na chuo hiki alitajiwa kwenye simu hiyohiyo.

"Ndiye, kaka. Ndiye Malimi."

Ngumi ya kwanza ilitua shavuni kabla hajamaliza kutaja jina.

"Jamani, nimefanya nini mimi?" kijana alilia, mikono juu ya kichwa.

"Unaniuliza umefanya nini? Jumamosi baba yangu kawakalisha wazee saba uani wanakusubiri wewe na washenga wako! Mama kapika tangu alfajiri! Mdogo wangu huyu kamkataa mchumba wa watu kwa sababu yako! Jua limezama hujatokea, simu hupokei. Leo Sengerema nzima inatucheka!"

"Kaka, mimi Sengerema sijawahi kukanyaga!"

Jibu hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Yeremia alikuwa anafanya kazi machinjioni, mtu wa kuangusha ng'ombe kwa mikono. Alinyakua kibodi mezani, waya ukachomoka, akamtandika nayo mdomoni. Vitufe vilitawanyika sakafuni kama punje za mahindi. Malimi alianguka katikati ya viti, damu ikamchuruzika hadi kifuani.

"Mlinzi!" Madam Rose, msimamizi wa chumba kile, alipiga kelele. "Mlinzi njoo, wanaua mtoto wa watu huku!"

"Sikujui, dada," Malimi alisema akimtazama Suzana kutoka chini. "Haki ya Mungu, sikujui."

Hapo ndipo Suzana aliposhtuka. Mwanaume aliyekuwa akimbembeleza kwenye simu alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, kama mtu anayeongea akiwa amejilaza. Huyu sauti yake ilikuwa nyembamba, na maneno yake yalikimbia.

"Kaka, subiri."

"Nisubiri nini?"

"Sauti sio yake. Kaka, muache, sio yeye!"

"Unamtetea? Baada ya aibu yote hii bado unamtetea?"

Yeremia aliinua mguu. Malimi akajikunja, akapayuka:

"Pigeni hiyo namba! Simu yangu ile pale mezani! Ipigeni, kama itaita basi niueni!"

Suzana alitoa simu kwenye pochi. Akabonyeza jina alilolihifadhi kama "Mume Mtarajiwa".

Simu ya Malimi ilikaa kimya.

Meza ya pili kutoka pale, simu nyingine ilianza kutetemeka juu ya mbao, ikizunguka polepole kama mende aliyepinduliwa. Kijana mmoja mwembamba mwenye miwani aliruka kuifunika kwa daftari. Alichelewa. Madam Rose alikuwa ameshaiona.

"Elias! Mbona inasoma 'Suzy Wangu'?"

Malimi aliinua kichwa, damu ikimdondoka kidevuni.

"Elias? Elias, tunalala chumba kimoja. Umefanya nini, wewe?"

Elias alisimama. Alimtazama Suzana.

"Suzy..."

Neno moja tu. Sauti nzito, ya taratibu. Suzana alishika ukingo wa meza.

"Ni wewe," alinong'ona.

"Nisamehe. Maneno yote yalikuwa yangu, Suzy. Kila ulichokisikia kilitoka moyoni mwangu. Sura tu ndiyo niliazima."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nilivaa suti. Nilifika mpaka kivukoni Kamanga, nikashindwa kupanda kuvuka ziwa. Ningeingiaje kwenu na sura hii wakati mnamsubiri yeye?"

"Ungeniambia. Miezi minane, Elias. Ungeniambia hata siku moja tu!"

"Ungenikataa."

"Na wewe ukaona bora baba yangu adhalilike?"

Yeremia alimfikia Elias. Alimbeba mzimamzima, akamtupa juu ya meza. Skrini ilipasuka chini ya mgongo wake, cheche zikaruka, wasichana wakakimbilia mlangoni wakisukumana. Yeremia alimrukia, akamshika koo kwa mikono miwili, akakaza. Miwani ilidondoka. Uso wa Elias ukaanza kubadilika rangi.

Aliyemwokoa ni Malimi. Aliinuka na mdomo wake uliopasuka, akamzunguka Yeremia kwa nyuma na kumvuta kwa uzito wake wote.

"Kaka, atakufa! Atakufa, na wewe utaozea gerezani! Muachie!"

Walianguka chini wote wawili. Walinzi walipoingia, walimkuta Yeremia amekaa sakafuni anahema, analia kwa hasira. Elias alikuwa ameshatoka kupitia dirishani.

*

Jioni ile Yeremia alilala mahabusu. Kesho yake asubuhi Suzana alikwenda hospitali alikopelekwa Malimi kwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Alimkuta amekaa kitandani, mdomo umeshonwa nyuzi tano, jino moja la mbele halipo.

"Za asubuhi," Suzana alisema akiangalia sakafu.

"Nzuri. Karibu. Kuna kiti hapo."

"Sistahili kukaa."

"Kaa, dada. Nikiinua kichwa kukutazama, nyuzi zinavuta."

Alikaa. Alikuwa anaujua uso ule hadi kwenye vinyweleo, ila hakujua mwenye uso huo anapenda nini, anaogopa nini, wala mama yake anaitwa nani.

"Nimekuja kumwombea kaka yangu," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyekuonyesha kwa kidole. Kama ni kufungwa, nifungwe mimi."

"Mpelelezi alikuja jana. Nimemwambia sitaki kesi na kaka yako. Vitu vya chuo atamalizana na chuo."

"Kwa nini? Amekung'oa jino!"

"Kwetu Magu nina dada wawili," Malimi alisema. "Wangefanyiwa vile, sijui mimi ningepiga na nini."

Suzana alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Malimi alimwacha alie.

"Alikutumia picha zipi?" aliuliza baadaye.

"Zote. Mpaka ile uko ziwani umeshika sato."

"Ile? Yule sato hata sikumvua mimi."

Alijaribu kucheka, nyuzi zikamuuma, akashika mdomo. Suzana naye alicheka katikati ya machozi, kisha akaona aibu kwa kucheka.

Usiku, akiwa kwao, alizifuta picha zote. Asubuhi aliandika kwa namba aliyopewa na Malimi hospitalini:

"Malimi, ni Suzana. Nimefuta kila kitu. Samahani kwa yote. Mungu akuponye."

Jibu lilikuja muda huohuo:

"Asante. Ukivuka kuja Mwanza, nitumie ujumbe. Safari hii usije na kaka."

*

Haikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza Suzana alipopigiwa simu na Malimi, sikio lilikuwa likitafuta sauti nyingine, na alijichukia kwa hilo. Alimwambia wazi.

"Kuna siku nakusikia wewe, moyo unamkumbuka yule. Sitaki kukudanganya."

"Nilidhani hivyo. Sina haraka, Suzana. Ongea na mimi hivyohivyo mpaka unizoee."

Alimzoea. Alizoea haraka yake ya kuongea, na tabia yake ya kukiri asichokijua. Kufikia mwezi wa sita, simu ikiita alikuwa akiacha sufuria jikoni.

Ndipo ujumbe ulipoanza kuingia kutoka namba ngeni.

"Nimewaona jana Kamanga mmeshikana mikono. Sura ndiyo uliyokuwa unaitaka siku zote, sivyo?"

Siku mbili baadaye:

"Yule, mimi ndiye niliyekufanya umpende. Nikiwaona tena, nitawamaliza wote wawili."

Suzana alipeleka simu polisi. Waliandika maelezo, wakamwambia awe mwangalifu.

Jumapili moja mchana alivuka na dumu la lita tano la maziwa, zawadi ya mama yake kwa Malimi. Malimi alikuwa anamsubiri nje ya geti la kivuko. Walikuwa wamebakisha hatua chache kufikiana pale Elias alipochomoka nyuma ya vibanda. Hakuwa na miwani. Alikuwa na kisu cha kuparulia samaki.

"Malimi, nyuma yako!"

Malimi aligeuka, akainua mkono. Kisu kilimchana kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Elias alikivuta, akakiinua tena, safari hii akilenga shingo.

"Ulinichukulia mke wangu!" alifoka.

Suzana hakufikiri. Alilizungusha dumu kwa mikono miwili, likampata Elias sikioni kwa uzito wake wote. Kifuniko kilifyatuka, maziwa yakamwagika. Elias alipiga magoti. Suzana akampiga la pili, usoni, kisu kikaruka pembeni.

"Sijawahi kuwa mke wako!" alipiga kelele. "Hukunipa hata nafasi ya kukuchagua!"

Watu walishajaa. Wabeba mizigo, abiria, wachoma mihogo.

"Jambazi! Kachoma mtu kisu!"

"Leteni tairi!"

Jiwe la kwanza lilimpata Elias mgongoni. La pili kichwani. Alijikunja kwenye tope la maziwa na damu, akainua macho.

"Suzy, nisaidie."

Suzana alimtazama Malimi, aliyekuwa amekaa chini akiubana mkono wake kwa shati. Malimi alitikisa kichwa kuelekea kwa Elias, kama kusema nenda. Akaenda. Alisimama juu ya Elias, akatanua mikono.

"Mkitaka kumpiga, anzeni na mimi! Mpelekeni polisi!"

"Toka, dada! Huyo ni muuaji!"

"Sitoki!"

Jiwe lilimpata begani, akayumba, akabaki palepale. Mzee mmoja mkata tiketi alikuja kusimama pembeni yake, kisha mwanamke mmoja mchuuzi wa dagaa. Polisi walipofika, waliwakuta hivyo.

Elias alipokuwa anapandishwa kwenye gari, aligeuka.

"Kwa hiyo bado unanipenda, Suzy?"

"Hapana," Suzana alijibu, bega likimuwaka moto. "Sitaki tu mtu afe kwa jina langu."

*

Elias alifungwa. Mkono wa Malimi ulipona, isipokuwa vidole viwili ambavyo havikukunjika tena vizuri. Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, washenga kutoka Magu walifika Sengerema saa nne asubuhi, na Malimi akiwa nyuma yao, ameinamisha kichwa.

Yeremia ndiye aliyekwenda kuwapokea getini. Alisimama mbele ya Malimi, akaangalia pengo mdomoni, akaangalia mkono.

"Shemeji," alisema. Alimkumbatia kwa nguvu hadi Malimi akaguna.

Wazee walikaa uani, walewale saba. Suzana aliitwa kutoka ndani, akapiga goti mbele ya baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti yangu, kuna wageni hapa wanasema wamekuja kwa ajili yako." Sauti yake haikuwa imara. "Mara ya kwanza niliamini tu. Leo nakuuliza mbele ya watu. Huyu kijana, unamfahamu?"

Mama yake alishika mdomo. Suzana aliinua macho, akamtazama Malimi bila haraka.

"Namfahamu, baba. Pokeeni posa yake."