Aliyeshika Waya

Taa ya droni ilikuwa inawaka, na betri yake ilikuwa mkononi mwa fundi.

Alikitazama kile kitaa chekundu kikipepesa, akaitazama betri kiganjani, akakitazama tena kitaa. Kisha akapiga miayo. Kwa muda mrefu hakuwa amelala usingizi wa kueleweka. Mchana alikuwa mezani kwake, katika chumba cha mbele alichokigeuza karakana, akifungua na kufunga droni za watu. Usiku alikuwa chumbani kwa baba yake, akimgeuza, akimnywesha maji, akitega sikio kama bado anapumua. Mtu aliyechoka namna hiyo hashtuki upesi. Akajiambia ni umeme kidogo uliobaki ndani, utaisha wenyewe.

Haukuisha.

Droni hiyo ililetwa na mpiga picha wa harusi, mteja wake wa siku nyingi, mtu ambaye hata msibani angepata la kuchekesha. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Fundi, inazima ikiwa hewani," alisema. "Betri imejaa, hakuna kasoro, ghafla inakata moto na kudondoka kama papai bovu."

"Ilianza lini?"

"Tangu nilipokwenda kupiga picha kile kiwanda kilichofungwa. Ilitumbukia kwenye tangi la maji, lile kavu, lenye kina usichokiona mwisho. Mlinzi akaniambia niiache humo humo. Nikadhani ananitania, nikashuka kwa ngazi nikaitoa."

Fundi aliujua ugonjwa huo. Mara nyingi betri yenyewe huwa nzima; kinachougua ni mgusano. Betri ikicheza kidogo tu mahali inapokaa, yale meno ya shaba hayagusani na wenzake, na ndege nzima inakufa kwa upana wa unywele. Basi akasafisha meno kwa spiriti na mswaki, akakwangua kutu, akabana vilivyolegea, akalehemu upya waya mmoja alioutilia shaka. Akapima kwa mita: umeme ulipita bila kusita. Akaitoa uani, akairusha. Ilipanda hadi usawa wa paa, ikatulia hewani, halafu ikasikika *tik*, sauti ndogo kama ya mtu anayekata ukucha, nayo ikaanguka. Aliidaka kwa mikono miwili.

Alipoifungua, meno aliyoyabana yalikuwa yamepindwa yote upande mmoja, kuelekea nje, kana kwamba kidole kimeyasukuma kutoka ndani.

Akarekebisha tena, ikaanguka tena. Mwishowe akachukua koleo akakata nyaya kabisa, ili aishughulikie tena kesho. Kitaa kikaendelea kupepesa. Na hapo ndipo aliposikia harufu, ya udongo wa shimoni uliochanganyika na nywele zilizoungua. Akaifunika droni kwa kitambaa, akazima taa ya karakana, akaenda kumpa baba yake uji.

Siku iliyofuata, nyumba ilikuwa kimya. Mkewe alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha kushona sare. Watoto wao mapacha walikuwa shule ya bweni. Fundi aliinua kitambaa akakuta kitaa kimezimika, akashukuru moyoni. Wakati huohuo, kule koridoni, *tik*. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Akaishusha, akafungua kifuniko cha nyuma: betri zilikuwamo, ila springi zilikuwa zimepinda kuelekea nje. Akazinyoosha kwa kucha. Hajairudisha ukutani, *tik* nyingine ikalia sebuleni, na rimoti ya televisheni ikawa na ugonjwa uleule. Akaitengeneza nayo, huku akinung'unika, maana fundi hata nyumbani kwake hapumziki. Alasiri ikaja zamu ya tochi, ile iliyokaa kwenye kistuli kando ya kitanda cha baba yake.

Alikuwa ameishika ile tochi, akiikunja springi yake irudi mahali pake, mkono ukafanya kazi bila akili kama ulivyozoea, akili ndipo ikaamka: karakana, koridoni, sebuleni, na sasa humu, kitu hiki hakikuwa kinaharibu ovyo, kilikuwa kinatembea, kinahama kutoka betri hadi betri kama mpangaji anayejaribu vyumba, na kila chumba anachokikuta kidogo anakiacha wazi nyuma yake, na sasa kimefika kwenye kitanda ambacho juu yake amelala mzee mwenye betri ya mwisho katika nyumba hii, ile ambayo madaktari waliifukia chini ya mfupa wa mtulinga, ndani ya kile kifaa kidogo kinachouamsha moyo wake kila unapotaka kusahau kazi.

Harufu ya shimoni ilikuwa imejaa chumba.

Baba yake alikuwa macho. Aliongea taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mwingine.

"Mwanangu, mbona mgeni humkaribishi?"

"Mgeni gani, baba?"

"Huyo mlangoni. Amesimama muda mrefu. Naona amechoka." Mzee akageuza uso kuelekea mlango uliokuwa mtupu. "Karibu, uketi," akasema.

Fundi akaketi yeye, ukingoni mwa kitanda. Akaweka kiganja juu ya kifua cha baba yake, akakiacha hapo mpaka mkewe aliporudi.

Walizungumza jikoni, kwa kunong'ona, maji yakichemka bila mtu kuyajali.

"Baba Pacha, umechoka. Labda ni uchovu."

"Na harufu je? Nayo ni uchovu?"

Mkewe alivuta pumzi puani. Kisha akajitanda kanga, akatoka. "Yupo mwanamke mmoja," alisema akiwa mlangoni. "Wenzangu kazini wanamwamini. Mkae chumba kimoja mpaka nirudi."

Mganga aliyekuja hakuwa na vishindo. Alikuwa mwanamke mwembamba, ana mafua, na leso haikumtoka mkononi. Alipita chumba hadi chumba, akagusa saa, rimoti na tochi, akaomba aone droni. Aliitegea sikio kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa.

"Huyu hakutumwa na mtu," alisema hatimaye. "Alikuwa amejikalia tangini, ndege ikamwangukia, akapanda bila kujua anakopelekwa. Sasa hana kwake. Anatafuta penye uhai kidogo ajihifadhi."

"Nitoe betri zote humu ndani?" fundi akauliza.

"Na ile ya mzee utaitoa?"

Fundi akageuza macho kuelekea chumbani kwa baba yake.

"Basi arudishwe kwa chombo kilekile kilichomleta," mganga akasema. "Ila chombo kisikatike njiani. Kikikatika, hatarudi tangini. Atarudi hapa."

Fundi akaketi mezani. Macho yalimwasha kama yametiwa pilipili, lakini alifanya kazi ambayo hajawahi kumfanyia mteja yeyote. Alikwepa meno yote. Akalehemu nyaya za betri moja kwa moja kwenye bodi, akazifunika kwa gundi, akaifunga betri kwa waya mwembamba, akavuta, akatikisa, akapima, akavuta tena. Mganga alianzia chumbani kwa mzee, akisoma maneno yake kwa sauti ya chini, akifunga mlango mmoja baada ya mwingine, akirudi kinyumenyume mpaka karakana. Alipofunga mlango wa mwisho, akaashiria kwa kidevu. Fundi akabonyeza kitufe. Kitaa kikawaka chekundu, na fundi, mkewe na mganga wakashusha pumzi, wakiamini mgeni ameingia.

Mpiga picha aliwapeleka kwa gari lake. Jua lilikuwa bado halijazama. Mlinzi wa kiwanda alipoiona droni hakuuliza kitu, akafungua geti na kusogea mbali. Fundi akairusha. Ilivuka ukuta, ikapita juu ya mabati yaliyooza, ikasimama juu ya mdomo wa tangi. Kwenye skrini palikuwa na duara jeusi tu. Aliishusha ndani ya lile duara kidogo kidogo, akisubiri ile *tik*, na ile *tik* haikuja. Droni ikatua chini kwa ulaini. Akazima. Mlinzi akaingia, akasukuma kifuniko cha chuma juu ya mdomo wa tangi.

"Ndege yangu ndiyo imekwenda hivyo," mpiga picha akasema, akacheka kwa mara ya kwanza.

Nyumbani, saa ilikuwa inatembea. Harufu ilikuwa imetoweka. Mganga alizunguka tena, akapenga kamasi, akasema vyumba vyote ni safi, akaenda zake. Usiku ule fundi alilala kama gogo.

Tangu hapo mzee akaanza kupata nafuu, nafuu ya ajabu. Alimaliza chakula na kuomba nyongeza. Akakaa mwenyewe, akasimama mwenyewe, na asubuhi moja walimkuta uani, ameegemea ukuta, anaota jua. Mkewe fundi alianza kuimba tena akiwa anafua. Fundi akarudi kwenye kazi zake. Mashavu yakamjaa, na watu wakamwambia amenawiri. Aliposikia hatua za baba yake koridoni, nzito, zilizolingana, alikuwa akitabasamu mwenyewe mezani.

Ndipo siku ya kwenda kliniki ikafika.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliweka chombo chake juu ya kifua cha mzee, akatazama skrini, akakihamisha, akatazama tena. Akamwita mwenzake. Wakampiga mzee picha ya kifua. Kisha akamwomba fundi wasogee pembeni.

"Kifaa cha mzee hakifanyi kazi," akasema kwa sauti ya chini. "Tazama hapa. Huu waya wa kwenda moyoni unatakiwa uingie kwenye kifaa. Umechomoka."

Fundi akaitazama picha. Hakuhitaji kuelezwa. Kile kishikio kidogo cha chuma kilikuwa kimepinda, kuelekea nje.

"Tangu lini?"

"Kifaa kinatunza kumbukumbu. Ni mwezi uliopita." Daktari akamtajia siku, akamtajia na saa. Ilikuwa ile alasiri ya tochi, kabla mkewe hajarudi kutoka kazini, kabla mganga hajapiga hodi, kabla hajaanza kuiandaa ile droni kwa safari ya tangini. Ile ndege aliyoihangaikia ilikuwa imekwenda tangini tupu, na kitaa chake kiliwaka kwa sababu kitaa cha droni nzima huwaka.

"Sijui moyo wake unaendeshwa na nini," daktari akaendelea, "lakini haupotezi pigo hata moja. Hatuwezi kuutegemea hivyo. Tumfungue kesho, tumwekee kingine."

Fundi alitoka hadi kwenye benchi la nje. Baba yake alikuwa ameketi, mikono magotini, mgongo umenyooka. Akaketi kando yake. Wagonjwa walipita, nesi mmoja akawasalimia, mzee akaitikia vizuri. Nesi alipokwisha pita, mzee akasema bila kumgeukia:

"Fundi."

Baba yake hakuwahi kumwita hivyo tangu amzae.

"Usiwaruhusu wanifungue. Nimechoka kuhama."

Harufu ya udongo wa shimoni ilimfikia fundi, hafifu, ya joto, ikitoka pamoja na pumzi.

"Baba yangu yuko wapi?" akanong'ona.

"Yumo. Anakusikia. Amekwisha kunizoea." Mzee alimeza mate taratibu. "Waya umekatika, mimi ndiye niliyeushika."

"Na ukichoka kuushika?"

"Wewe ulipochoka, ulimwachia?"

Fundi alifikiria kile kitanda kikiwa kitupu, na mapacha watakaporudi likizo wamkute babu yao uani. Alifikiria mganga na leso yake, neno moja tu la kumwambia, na kitakachofuata baada ya neno hilo. Kisha akasimama, akarudi kwa daktari, akasema mzee amekataa upasuaji. Daktari alimsihi, akamweleza hatari zote. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka.

Nyumbani, mkewe alikuwa akiwangoja mlangoni. "Daktari kasemaje?"

"Moyo unadunda vizuri."

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, alimlaza baba yake. Mzee akafumba macho mara moja, na usingizini uso ukawa ule ule wa siku zote, wa mtu aliyemfundisha kushika bisibisi. Fundi akaweka kiganja kifuani pake. Pigo, na pigo, na pigo, yamelingana. Halafu chini ya kiganja akaisikia, ndogo sana, *tik*, kama mtu aliyebeba mzigo muda mrefu anapouhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Hakuondoa kiganja.