Wa Nne Hakushuka

Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kilikataa kukauka. Hadidja alikianika kila asubuhi, milango ya Hilux ikiwa wazi na jua la mtaa wa Bungulu likiingia hadi chini ya mikeka. Jioni, alipokipapasa, kilikuwa kikavu kabisa. Kulipokucha alikikuta kimelowa tena, kimebonyea katikati, kama mtu aliyenyeshewa alikuwa amekaa hapo usiku kucha. Mumewe, Ramazani, alisema paa linavuja. Lakini kilikuwa kiangazi, na tangu walipoliingiza gari lile uani, Beni haikuwa imeona hata manyunyu.

Hawakuliingiza kwa furaha. Gari lao la kwanza, lililowalisha tangu ndoa yao, lilikuwa limechukuliwa na askari kwenye njia ya Mbau, nao wakamwacha Ramazani barabarani na soksi mguuni. Vita vilikuwa vimeikata nchi vipandevipande, kila kipande na wakubwa wake na bariera zake za kuzuia magari, na mtu wa usafiri asiye na gari hakuwa na pa kushika. Kwa hiyo aliposikia kwamba kule Butembo kuna mkubwa mmoja wa askari anauza Hilux ya kabini mbili, imepakwa rangi nyeupe mpya, aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake, akaenda, akarudi nalo. Hakuuliza limetoka wapi. Siku zile hakuna aliyeuliza.

Abiria ndio walioanza kulikimbia. Walipanda Beni wakienda Butembo, na kabla ya kufika Maboya yule aliyekaa nyuma kushoto aliomba kushuka, akabaki kando ya njia na mzigo wake akingoja gari jingine. Hawakusema sababu. Mama mmoja tu, muuza mawese, alimsogelea Ramazani kwenye dirisha akamnong'oneza.

"Papa, pale nyuma kuko mutu anatetemeka baridi. Mumupatie hata kitenge."

Ramazani alimhadithia mkewe huku akicheka. Hadidja hakucheka. Tangu siku hiyo aliacha kukianika kile kiti.

Kisha Yassini akaugua. Alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba mbili kuharibika, mtoto wa maneno mengi aliyemfuata mama yake hata chooni. Homa ilimwangusha akiwa anacheza. Kufikia asubuhi alikuwa amegeuza macho, meno yameumana, mwili unaruka. Kahindo, muuguzi wa kituo kidogo cha mtaani, alimgusa shingo, akamfunua kope.

"Malaria imeshapanda ku kichwa," akasema. "Dawa yenye anahitaji, hapana mu muji muzima. Mumuvukishe, Mama Yassini. Ng'ambo, Uganda, ku mupaka wa Kasindi. Mais muende leo. Musingojee kesho."

Wakaondoka hapohapo. Ramazani alishika usukani, Hadidja akapanda nyuma upande wa kulia, kichwa cha mtoto mapajani mwake, na miguu yake midogo ikaangukia kile kiti cha kushoto. Alikuwa ametandika nailoni juu yake. Hawakuwa wametoka hata mjini alipohisi paja lake linapoa. Akamgusa mtoto paji la uso: homa ilikuwa imekwisha. Yassini alikuwa analala, anapumua taratibu, jasho limemkauka.

"Papa Yassini," akasema kwa sauti ya chini, akiogopa kuiharibu ile neema. "Amepoa."

"Al-hamdu lillahi," Ramazani akajibu, akaongeza mwendo.

Kwenye bariera ya kwanza askari aliyekuwa na redio begani aliinama dirishani, akaangalia mbele, akaangalia nyuma.

"Kitambulisho ya ule mama mwengine."

"Mama gani, chef? Tuko batatu. Mimi, bibi yangu na mutoto."

"Batatu wapi? Muko bane. Ule mwenye kulowana ule..." Akaingiza kichwa ndani zaidi, na hapo maneno yakamkatika. Hadidja aliiona sura ya yule kijana ikibadilika, midomo ikikosa rangi. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaifungua kamba ya bariera kwa mkono wake mwenyewe. "Mupite," akasema. "Mupite mbio."

Ramazani alisema ni bangi. Hadidja alikuwa anaitazama miguu ya mtoto. Alitaka kumvuta mtoto akae upande wake, miguu na yote, lakini alipomvuta alihisi kama kuna mtu upande wa pili ameishika ile miguu, si kwa nguvu, kwa upole tu, kama mtu anayeshika kilicho chake.

Karibu na Lume gari likachemka, ikabidi wasimame kwenye kijito watie maji. Hadidja akashuka na mtoto amnawishe uso. Kabla mguu wake haujakanyaga vizuri, mwili wa Yassini uliwaka. Haukupanda joto polepole. Uliwaka mara moja, macho yakageuka, mikono ikaanza kupiga hewa. Akamrudisha kitini huku akilia, na mara mtoto akatulia, akapoa, akalala. Hadidja akabaki amesimama na mkono kwenye mlango. Akamtoa tena, kidogo tu, kichwa na mabega. Homa ikaruka. Akamrudisha. Ikakoma.

"Ramazani," akaita. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina hilo tupu. "Iko kitu mu hii gari. Inamuponesha, mais haitaki ashuke."

Ramazani alikuwa na debe la maji mkononi. Alimtazama mtoto, akatazama njia ilikotoka na njia iendako.

"Panda," akasema. "Tukifika kwa munganga tutajua."

Kutoka hapo hadi mpakani Hadidja hakuinua macho. Alianza kusoma Ayatul Kursi, ambayo alikuwa ameisoma tangu utotoni bila kukosea, na kila mara alipofika katikati maneno yalimpotea, akaanza upya, yakapotea tena palepale, na huku gari likiteremka kwenye joto la bonde la Semliki alisikia harufu ambayo haikuwa ya bonde, harufu ya baridi ya milimani, ya udongo wa mvua na chuma na maziwa yaliyochacha, na chini ya mlio wa injini akasikia mtu anabembeleza kwa pua, sauti isiyo na maneno, ya mama aliyechoka sana, na alipothubutu kumtazama mwanawe aliona kwamba Yassini, aliyeachishwa ziwa zamani, amegeuza uso kushoto kwenye nafasi tupu, mdomo wake unafumba na kufumbua, koo linameza, na pembeni mwa midomo linateremka tone jeupe lenye uzi mwekundu ndani yake.

Hakupiga kelele. Alilifuta lile tone kwa ncha ya mtandio wake. Lilikuwa la baridi.

Kasindi kulikuwa na mstari mrefu wa malori. Kwa kuwa magari mengi ya wizi yalikuwa yanavushwa, kila gari lilikaguliwa kwanza: plake, carte rose ya umiliki wa gari, kisha nambari iliyochongwa kwenye chuma cha shasi. Mkaguzi alikuwa Abdias Kasonia, mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, aliyekuwa hapo tangu kabla ya vita na aliyebaki hapo kila wakubwa walipobadilika. Ramazani alimweleza habari ya mtoto, naye akawapitisha mbele ya malori. Akafungua boneti, akasugua chuma kwa brashi, akapitisha chaki. Alichukua muda. Kisha akafungua mlango wa dereva, akatazama chini kwenye pedali, akamvuta Ramazani kando. Dirisha la Hadidja lilikuwa wazi, alisikia yote.

"Nambari hii walikwangua, wakapiga ingine juu."

"Mimi nilinunua tu, papa. Sikukwangua kitu."

"Naamini. Mais hii gari naijua. Walibadilisha rangi, walibadilisha plake. Ile pedali ya breki ilivunjikia hapa, waliichomelea mbele ya macho yangu. Ni gari ya Kavira, mama mumoja wa Lubero. Alikuwa anapitaka hapa na viazi." Akashusha sauti. "Mwaka jana walimuua mu njia, yeye na mutoto wake wa ziwa, mu mvua. Walimukuta nyuma, amemushika. Haiwezi kuvuka, ndugu yangu. Mushuke, nitabapitisha kwa miguu."

Akaja kwenye dirisha la Hadidja ili amwambie. Akainama. Hadidja alimwona akifungua mdomo, kisha akivua kofia yake taratibu, kama mtu anayeingia kanisani.

"Kavira," Abdias akasema.

Hewa ndani ya gari ikawa nzito. Hadidja akamshika mwanawe kwa mikono miwili.

"Utuache tuvuke na gari," akamwomba. "Nakuomba, papa. Akishuka anakufa. Nimejaribu. Ni humu tu anapumua."

Abdias aliinuka. Alituma mtu mbio kwa Mwalimu Maliro, mzee aliyewaswalisha madereva kwenye uwanja wa magari. Mzee alikuja na kanzu imekunjwa magotini, akasimama kwenye mlango uliofunguliwa, akasoma kwa sauti ndogo. Malori yalizima injini moja baada ya nyingine. Alipomaliza, Yassini alifumbua macho, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke, yenye lafudhi ya watu wa Lubero, tulivu.

"Tulishafika? Turudie nyumbani. Mutoto ameshashiba."

Ramazani aliketi chini kwenye vumbi.

"Musimuite Kavira," Maliro akawaambia. "Kavira ameshaenda kwa Mungu, na mufu harudi. Hii ni jini. Ilikuta damu ya mama na ya mutoto, ikakaa, ikavaa sura yake. Sasa inatafuta mutoto wa kujaza mikono."

"Uitoshe inje," Hadidja akasema.

"Siwezi. Gari ndiyo nyumba yake. Tunaweza kumutosha mutoto tu, na ni wewe mwenye kumuzaa utamuvuta. Sikiliza, mwanangu. Atawaka kuliko asubuhi. Itatumia sauti yake kukuita. Usigeuke. Ukimurudisha humu mara moja tena, hautamupata."

"Na akifa mikononi mwangu?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Atakufa akiwa wako."

Ramazani akainuka. Alichomoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha Abdias, kisha akaja akaufungua mlango wa mkewe, kwa kuwa mikono yake haikuwa na nafasi. Hadidja akamkumbatia mwanawe, akavuta. Kilichomshika upande wa pili kilivuta pia. Nailoni ililia kwenye kiti. Akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kama siku ya kumzaa, na mara uzito wote ukamwangukia kifuani, akatoka kinyumenyume hadi kwenye jua, na mtoto akawaka.

Abdias aliinua mti wa bariera yeye mwenyewe. Mbele yao kulikuwa na daraja la Lubiriha, na ng'ambo yake Uganda. Hadidja akaanza kutembea. Mwili aliobeba ulikuwa kama kaa la moto, kimya, kichwa kimelegea begani, hakuna sauti, hakuna hata kuguna, na ndipo nyuma yake, kutoka ndani ya gari, Yassini akalia.

"Mama. Mama, umeniacha."

Ilikuwa sauti yake, na kikohozi chake kidogo mwishoni, na lile jina analomwita usingizini, ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua, na sauti ikamfuata darajani ikimwambia kuna giza, ikimwambia huyu mama ana baridi, ikimwuliza amebeba nani, mama umebeba nani, mpaka akasimama katikati ya daraja, maji ya udongo yakipita chini, asijue kama amemtoa mwanawe au amemwacha kule na kubeba kitu kingine. Ramazani naye alikuwa amesimama, mikono masikioni, machozi yanamtoka. Hadidja akaliweka shavu lake kwenye shavu lililokuwa likiungua. Moto huu aliujua. Alikuwa amekesha nao. Akajiambia jini ana baridi, na aliye na homa ndiye wa kwake. Akatembea.

Ng'ambo waganga wa hospitali walimpokea Yassini, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano za kwinini. Alizimia, akazinduka, akazimia tena. Mwishowe homa ikashuka yenyewe, polepole, kama homa za watu. Yassini alifumbua macho akamtazama baba yake, akamwita papa. Kisha akamtazama Hadidja, akamtazama sana.

"Tantine," akasema kwa adabu, kama anayeongea na shangazi wa mbali, "niko na kiu."

Muuguzi akacheka, akasema homa inachanganya watoto, itapita.

Walirudi Beni juu ya lori la watu. Ramazani akawa anabeba mizigo kwa chukudu la kukodi, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, mabega yakimchubuka, na hakulalamika. Yassini akanenepa, akarudia michezo yake na maneno yake mengi. Baba yake aliendelea kuwa papa. Hadidja aliendelea kuwa tantine. Alimwogesha, akamlisha, akalala naye kitanda kimoja, na mtoto alimshukuru kila mara, kama mgeni aliyefundishwa vizuri.

Mchana mmoja Ramazani alirudi mapema, akaliegemeza chukudu ukutani. Alikuwa amekutana na Abdias sokoni. Askari walikuwa wamelichukua lile gari kwa nguvu kutoka mpakani, akasema, wakaondoka nalo kuelekea Butembo, likapinduka kwenye kona bila kugongwa na kitu. Hakupona hata mmoja.

"Batu ba kijiji balibomoa milango na shoka," akaendelea, akitazama chini. "Wanasema ndani kulikuwa mutoto analia. Analia anaita mama yake. Walipofungua hawakuona mutoto."

Hadidja alikuwa anachagua maharage. Mikono yake ikasimama. Yassini alikuwa ameketi kizingitini, anapanga vizibo vya chupa mstari mmoja kama malori. Aliinua uso wake mzuri akamtazama.

"Tantine, nipatie maji."

Hadidja akainuka, akachota kikombe, akampelekea. Akasimama karibu naye mpaka alipomaliza, akiliangalia lile koo dogo likipanda na kushuka, asithubutu kumwuliza yeye ni nani.