Blanketi Lisilofuliwa

Jua lilikuwa linazama, nami natoka sokoni na mfuko wa vichwa vya samaki, nimeunyoosha mkono mbali na nguo zangu. Mfuko ulikuwa unavuja. Tone moja likaniangukia kwenye kidole cha mguu, nikatema mate.

"Paka hao watakuoa," muuza samaki alinicheka kabla sijaondoka. Alikuwa mama mtu mzima, magamba yamemjaa mikononi hadi kwenye viwiko, na hakuna jambo la mtaa ule asilolijua.

"Mahari wameshaleta," nikamjibu. "Manyoya kwenye chai yangu, kila asubuhi."

Naomba nieleweke. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni, na mashuka ya wageni yana mambo yake. Nimeyaona yote na nimeyafua yote. Lakini kazini nina glavu na sabuni, na jioni naondoka. Kwa Bibi, uchafu nililala nao.

Bibi aliteleza uani akavunjika mguu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, plasta imempanda hadi pajani. "Sasa mkuu ni mimi na guu ni langu. Nani hakusikia?" Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kwa hiyo ukoo ulipokaa kuulizana nani akamuuguze, mimi sikungoja kuulizwa. Nikahamia na begi langu moja. Nyumba yake ina chumba kimoja cha kulala, na ndani yake kitanda kimoja kikubwa cha mbao, cha zamani, kimesukumwa ukutani. Tulikilalia watano. Bibi, mimi, na paka watatu.

Mheshimiwa alikuwa dume la rangi ya chungwa, sikio limechanika, na hakunywa maji ila kwenye kikombe cha Bibi. Karani, wa kijivu, alikagua sahani ya kila mtu kwa kuitia pua. Bi Harusi alikuwa mweupe, na akifurahi mate yanamchuruzika, na hakuna alipofurahi kama shingoni kwangu. Ukiwafungia mlango, wanalia utadhani kuna msiba. Ukichelewesha samaki wao, Mheshimiwa anakutia ukucha puani. Donge la manyoya lililotapikwa nililigundua ndani ya ndala yangu, tena kwa mguu mtupu. Yalaa!

Na blanketi. Mungu wangu, blanketi lile! Lilikuwa la sufu, na rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Lilikuwa limeganda manyoya na mate, na harufu yake ilikupokea mlangoni kabla ya mwenye nyumba. Kila jioni paka wale walilipanda wakajisugua mashavu juu yake, pembe hadi pembe, bila kuruka mahali. Kisha kila mmoja akashika pake. Mheshimiwa kifuani pa Bibi, Karani miguuni, Bi Harusi upande wa ukutani hadi aamue kunihamia mimi. Nami nilipewa ukingo wa nje, nusu ya tako iko hewani.

"Bibi, niruhusu nilifue."

"Fua vyote. Nifue hata mimi. Blanketi hapana."

"Linanuka!"

"Ndiyo kazi yake, mke mwenzangu." Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, utani wa bibi na mjukuu, ati tunagombea mume mmoja, babu ambaye alikufa hata sijazaliwa. "Na ukutani usilale wewe. Hapo pana mwenyewe."

Nikadhani anamsema Bi Harusi.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na kitu cha moto mdomoni. Bi Harusi alikuwa amekaa kifuani kwangu, ametapika. Mimi hulala mdomo wazi. Sitaki kusema zaidi ya hapo, ila nilipiga mswaki hadi fizi zikatoa damu, na ladha ya samaki aliyechacha haikutoka.

Basi, nikasema leo ni leo. Bibi alikuwa amemeza vidonge vyake vya maumivu, amelala fofofo. Nikalivuta blanketi taratibu, nikamfunika khanga, nikalipeleka uani. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yakatoka na utelezi, yakanata vidoleni. Nilifua kwa hasira, nikafua kwa raha, hadi maji yakabaki maji. Nilipokuwa nalianika nilikuwa naimba.

Paka walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa ua, wote watatu, wananitazama. Walikuwa viumbe wa kulia kwa lolote. Siku ile hawakulia.

Jioni nikalitandika. Lilikuwa na rangi ya maziwa, kumbe! Chumba kikanukia sabuni. Bibi alikuwa ameegemea mto, akaliinua puani akalinusa, na nikaona uso wake unamshuka.

"Umefanya nini, mke mwenzangu?"

"Nimelifua, Bibi. Angalia lilivyotakata."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Waite," alinong'ona. "Waite upesi, giza halijaingia."

Nikawaita. Nikatikisa sahani ya vichwa vya samaki. Wakaja, wakaruka kitandani kama kawaida yao. Mheshimiwa akainamisha pua kwenye blanketi. Akanusa hapa, akanusa pale, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kisha akainua kichwa, akatazama upande wa ukutani pasipo na kitu. Mkia ukamvimba. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ndefu...

Akaruka dirishani. Karani akamfuata. Bi Harusi aliganda kidogo, akamtazama Bibi, naye akaenda.

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Ningeshukuru kama angekuja panya.

"Nishike mkono," Bibi alisema. "Usiniachie hadi kupambazuke. Hata ukiguswa. Hata ukiona kinyaa." Akatupia jicho upande wa ukutani. "Hasa ukiona kinyaa."

"Niguswe na nani, Bibi?"

"Kitanda hiki nilikikuta."

Nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa jasho. Taa ilikuwa inawaka, nje watu wanapita wakitoka makazini, redio ya jirani inasoma matokeo ya mpira. Wala hapakuwa na cha kutisha. Nikaanza kujicheka moyoni.

Kisha godoro likabonyea.

Upande wa ukutani. Mara moja. Mara ya pili, karibu zaidi. Hatua ndogo ndogo, za kupima, kama za paka anayetafuta pa kulala. Halafu uvimbe ukajitokeza chini ya blanketi, ukubwa wa paka hasa, ukatulia kando ya bega la Bibi. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza.

Nilifurahi, jamani. Mimi, ninayewachukia paka wale, nilifurahi! Nikajua mmoja amerudi kwa kupitia chini ya kitanda.

"Bi Harusi?" nikanong'ona.

Nikaingiza mkono wangu wa pili chini ya blanketi nimpapase.

Hakikuwa na manyoya.

Ilikuwa ngozi. Ngozi tupu, baridi, imelowa, yenye mikunjo mikunjo iliyoteleza vidoleni. Na harufu ikapanda, harufu ninayoijua kwa kazi yangu, ya nguo iliyoachwa ndani ya ndoo hadi ikavunda. Nikataka kuutoa mkono. Kile kitu kikageuka taratibu, kikanilamba kiganja.

Ulimi wa paka unakwaruza. Nimelambwa nao vya kutosha, naujua. Ule ulikuwa laini... tena mpana.

Nilichomoa mikono yangu, yote miwili, nikatoka mbio hadi uani kwenye beseni. Nikamimina sabuni ya unga kiganjani nikasugua. Nikachukua brashi ya kufulia, nikasugua hadi ngozi ikachubuka, na bado niliuhisi ule utelezi katikati ya vidole.

"Mke mwenzangu!"

Bibi aliita mara moja tu.

Nami nikasuuza kwanza. Povu lilikuwa bado mkononi, nikasuuza kwanza.

Niliporudi, Bibi alikuwa amehamia ukutani. Yeye, mwenye plasta hadi pajani, ambaye kugeuka tu kulihitaji watu wawili. Amenipa mgongo, blanketi limenyooshwa vizuri hadi shingoni.

"Njoo ulale," akasema bila kugeuka. "Nafasi ipo."

Nililala jikoni, juu ya gunia.

Siku chache baadaye Bibi alikuwa anatembea. Mjomba alikuja akampeleka kutolewa plasta, akarudi anacheka. "Umemlisha nini mama yangu? Daktari mwenyewe ameshika kiuno!" Akanipa mkono wa pongezi. Nikamwambia, Mjomba, huyo siye. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia uuguzi unachosha, nijitahidi kulala.

Lakini mimi ndiye ninayefua. Shuka la mtu lina mtu wake, hata awe msafi namna gani. Lina jasho, lina unywele, lina alama ya mate kwenye foronya. Mashuka ya Bibi natandika safi na naondoa safi. Hayana kitu. Hayana hata mkunjo wa mtu aliyejigeuza usingizini. Akifungua mdomo tu kuzungumza, ndipo ile harufu ya kuvunda inaponifikia. Na anazungumza kwa upole. Hanitanii tena. Hajacheka hata siku moja.

Nilimweleza muuza samaki, kwa kuwa sikuwa na mwingine. Aliacha kuparua, kisu kikabaki hewani.

"Babu yako alikuwa na mke kabla ya bibi yako," akasema kwa sauti ndogo. "Aliugulia na kufia kwenye kitanda hicho. Wakati bado anaugua, babu yako akawa ameshaleta posa kwingine. Mama yangu alikuwa jirani, ndiye aliyemsikia akiapa kwamba hapo ndipo mahali pake na hatatoka." Akatazama huku na huku. "Bibi yako alihangaika sana mwanzoni. Kisha akaanza kufuga paka. Zaidi ya hapo mimi sijui, na sitaki kujua."

"Blanketi likichafuka tena, watarudi?"

"Nimekwambia sijui, mwanangu." Akanijazia mfuko. Siku hiyo hakunitania.

Kwa hiyo mimi, dobi, nikaanza kuchafua. Nikalichukua blanketi nikalitandika uani chini ya ukuta. Nikamwagia maji ya samaki. Usiku nikajifunika mwenyewe jikoni, natapika, nafuta mdomo, najifunika tena. Kazini mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kwa adabu kama kwetu maji yamekatika. Sikujali. Nilijua Bibi yumo mle ndani, mahali fulani, amebanwa, anasubiri mkono niliouachia. Paka wakirudi, wakimlalia kifuani, atatoka. Nilishikilia hilo.

Na jana jioni walirudi.

Nilikuwa nimetandika mkeka sakafuni, chumbani kwa Bibi, nimejifunika blanketi. Mheshimiwa aliingia wa kwanza kwa dirishani, amekonda. Akanusa blanketi. Akajisugua shavu pembe ya kwanza, akajisugua ya pili. Karani akaja, Bi Harusi akaja, mate yanamdondoka. Nililia kwa furaha. Nikambeba Mheshimiwa, nikamweka kitandani, kifuani pa Bibi aliyelala chali ametulia.

Alishuka. Hakuvimba mkia wala hakunguruma. Alishuka kama anavyoshuka kwenye kiti kitupu.

Nikamrudisha. Akashuka tena. Nikambeba Karani, nikambeba Bi Harusi. Nikawasihi, nikaita kila mmoja kwa jina lake, nikapaka samaki kwenye mto wa Bibi. Wote walishuka.

Wakanijia mimi. Mheshimiwa akapanda kifuani kwangu. Karani akajikunja miguuni. Bi Harusi akaja upande wa kitandani, akajilaza kati yangu na kitanda, macho yake juu, hayapepesi.

Nikaelewa. Paka hawalindi kitanda. Wanalinda mtu.

Nikabana mdomo nisilie kwa sauti. Taa ilikuwa inawaka. Juu ya kitanda, mbao zikalia kidogo, na mkono wa Bibi ukaning'inia ukingoni, vidole vinachezacheza hewani, vinatafuta.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa sauti yake yenyewe, ila bila kicheko na bila kikohozi. "Huko chini kuna baridi. Panda."

Nikalivuta blanketi hadi juu ya kichwa, na uvundo wake wote, nikamkumbatia Mheshimiwa. Akanidondoshea mate shavuni. Sikuyafuta.