Meno ya Chini

Baba Pacha alikuwa mkata miti. Kila asubuhi alitoka na chensoo, ule msumeno wa injini, begani na kopo la mafuta mkononi. Jioni alirudi na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mkewe, Mama Pacha, alimwambia akung'ute nguo nje, naye kila siku alisahau.

Wiki hiyo upepo uliupasua mti mkubwa wa nyuma ya nyumba. Mti ukainamia chumba cha mama mkwe, alimolala pamoja na wajukuu wake pacha. Bibi akaambiwa ahamie sebuleni.

"Mimi na sebule wapi na wapi?" alisema. "Mkwe wangu anakata miti ya watu wote. Na huu ataukata."

Kumbe mnyororo wa chensoo ulikuwa umekatika jana yake. Baba Pacha akaubeba mbio mpaka dukani. Akaulaza mezani, akahesabu meno yake makali. Yalikuwa thelathini na mawili.

"Sawa na ya mtu mzima," muuzaji alitania.

Akatoa mnyororo mpya wenye meno kama hayo na urefu ule ule. Nani angefikiri kwamba kuna zaidi ya hapo?

Baba Pacha aliufunga, akawasha mashine, akaanza na tawi la chini. Mnyororo ukayumba. Ukachomoka kwenye upanga, yaani lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, ukachana suruali yake pajani. Aliponea chupuchupu. Alizima mashine, akakaa chini.

Mama Pacha alitoka pale pale. Alikwenda nyumba ya tatu kumwita Dada Spana, fundi wa mashine ndogondogo.

Fundi alivaa glavu, akaurudisha mnyororo kwenye upanga, akautikisa. Ulicheza kushoto na kulia kama jino bovu.

"Shemeji, uliuchaguaje huu?"

"Nilihesabu meno."

"Meno yapi?"

"Kwani yako ya aina ngapi? Haya yanayokata."

"Hayo ni ya juu. Tazama haya ya chini, yanayopita ndani ya mfereji wa upanga. Haya ndiyo yanayoushika mnyororo. Yakiwa manene, hayaingii. Yakiwa membamba kama haya, mnyororo unayumba, halafu unaruka."

"Sasa ningejuaje? Nipime kwa jicho?"

"Jicho si rula. Nipe kitambaa."

Alifuta mafuta meusi kwenye upanga, karibu na injini. Namba zikatokea: 325, 1.5 na 64. Baba Pacha aliinama kuzisoma. Alikuwa na mashine hiyo miaka sita, na hakuwahi kuziona.

"Ya kwanza ni nusu ya nafasi kutoka jino la chini hadi linalofuata," alisema fundi. "Ya pili ni unene wa meno ya chini. Ya tatu ni idadi ya hayo ya chini: kwa kila jino la juu yako mawili. Mnyororo mpya lazima ulingane na zote tatu."

Akageuza boksi la mnyororo. Unene ulikuwa 1.3.

"Umepatia mbili, umekosa moja. Hiyo moja ndiyo iliyokuwa inalitaka paja lako."

"Na namba zikiwa zimefutika?" aliuliza Mama Pacha.

"Pelekeni dukani upanga na mnyororo wa zamani. Wapime hapo hapo. Msikisie."

Baba Pacha akarudi dukani. Safari hii alisoma boksi, namba kwa namba, ndipo akalipa. Aliporudi, Dada Spana alisimama uani akimwangalia akiufunga. Mashine ikiwa imezimwa, fundi aliuvuta mnyororo kwa mkono wenye glavu. Ulitembea bila kukwama, na haukulegea chini ya upanga.

Watu wote wakatoka nyumbani. Majirani wakashika kamba. Mti ukashushwa tawi kwa tawi, mpaka gogo likalala uani.

"Dada Spana," alisema Baba Pacha, "nina miguu miwili leo kwa sababu yako. Sina cha kukulipa kinachotosha."

"Mshukuru mkeo. Wewe ungekuwa bado umekaa pale chini."

Akamgeukia mkewe, akamshukuru mbele ya watu, bila aibu.

Mama mkwe aliingia chumbani kwake na wajukuu, kisha akachungulia mlangoni, akamtazama mkwewe.

"Leo juu yetu kuna bati tu," alisema, "na juu ya bati kuna Mungu. Ahsante, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo.