Mukono Ulioitwa Bila Jina

Ilianza na kitu kidogo, cha kuchekesha hata: mukono wa ndani ya kioo ulichelewa.

Asubuhi hiyo Masika alikuwa amekaa mezani, kioo kikubwa kimesimama katikati ya mikono yake miwili kama ukuta wa jirani. Mukono wa kushoto, ule muzima, ulikuwa mbele ya kioo. Wa kulia, ule uliokufa siku tansio, ile presha ya damu, ilipomwangusha sokoni juu ya magunia yake ya maharagwe ya Kiwanja, ulikuwa umefichwa nyuma. Alifungua kiganja cha kushoto. Ndani ya kioo kiganja kilibaki kimefungwa, kikafikiri kidogo, ndipo kikafunguka.

Masika akakitazama. Akasema moyoni: ni macho yangu, ugonjwa umekula na macho. Akaendelea. Tangu aanguke hakuwa tena mutu wa kushtuka. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimelala pamoja na mukono, na watu walipomuletea habari, nzuri ao mbaya, alizipokea vile meza inavyopokea sahani.

"Mama Masika, huyu muvivu ameamka?" aliuliza Evariste akiingia na kofia ya pikipiki mukononi. Alikuwa kine, mutu wa kufundisha viungo vilivyokufa kutembea tena, na alikuwa anamufuata nyumbani kwake, mutaa wa Katoyi.

"Muvivu analala. Si unajua wanaume."

"Ala! Mukono wako ni mwanaume?"

"Hafanyake kazi, anangojeaka tu chakula. Utamwitaje?"

Evariste alicheka mpaka akakaa. Kisha akarudia somo lake. "Ubongo umesahau njia ya kwenda kwa mukono. Kioo kinaudanganya kidogo. Unatazama, unaona kama mukono wa kulia unatembea, unasema: kumbe njia iko! Lakini usifanye kimya-kimya, mama. Uite. Hata mi nikiwa siko, uite kila siku. Kuya. Funguka. Kamata."

Basi Masika akawa anauita mukono uje. "Kuya. Kuya wee. Kuya."

Mama yake, aliyelala siku nyingi kwenye udongo wa Butembo, alikuwa amemukataza. Masika aliisikia bado sauti yake, ile ya kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa na majivu: "Usiitake mutu bila jina, zaidi kama hauone sura yake. Ukisema 'wewe, kuya', wako wengi wanaoitwa wewe, na si wote walio hai." Lakini nani anaupa mukono wake jina? Aliita tu.

Na alikuwa na sababu ya kuita. Binti yake Fabiola alikuwa amezaa mutoto wa kwanza, Élodie, humo humo nyumbani. Kwao, mutoto muchanga anaogeshwa na mikono ya koko, bibi yake: koko ndiye anayenyoosha miguu, anayekanda mugongo, anayemwaga maji kichwani huku akimutajia majina ya ukoo. Masika alikuwa ameogesha watoto wa nusu ya avenue ile. Sasa wa kwake aliogeshwa na jirani, naye akitazama kutoka kwa kiti. Hicho peke yake ndicho kilimuuma bado, wakati pengine pote palikuwa ganzi. Alitaka kitu kimoja: kumuogesha Élodie kwa mikono yake miwili.

Mukono ukaamka.

Haukuamka vile Evariste alivyosema utaamka, kidole kimoja kwanza, halafu kingine, kama mutoto anayejifunza kutambaa. Uliamka wote. Siku moja ulikamata kikombe cha chai, ukakiinua, ukakirudisha bila kumwaga tone. Fabiola alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Achille, mukwe wake, yule aliyekileta kile kioo juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, akasema, "Mama, kesho unarudi sokoni!"

Evariste alifurahi pia. Kisha akachukua sindano, akachoma kidole polepole.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akachoma kiganja. "Na hapa?"

"Hapana, papa."

Akaushika ule mukono kati ya mikono yake, akauacha haraka. "Una joto," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Huu mukono unatembea kama unajua kazi tangu zamani, lakini hausikie kitu. Sijaona hivyo. Mama, nisikilize muzuri: usishike moto na huu mukono, wala maji ya moto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Ikafuata harufu. Si ya uchafu, si ya dawa. Ilikuwa harufu ya mawe ya volkano yakiwa bado na moto ndani, mvua inapoyapiga. Fabiola aliitafuta chini ya kitanda, akaitafuta jikoni, akafua mashuka. Masika alijua inatoka wapi, kwa sababu ilikuwa inamufuata kila mukono ulipopita karibu na pua yake.

Ikaja na sauti. Mchana mumoja, wakati jua limesimama na watu wamelala kidogo baada ya kula, Masika aliamshwa na kitu kinachopiga: pa, pa, pa, polepole, kwenye godoro. Alidhani kuna mutu chumbani. Akageuza kichwa. Ulikuwa ni mukono wake mwenyewe, na yeye hakuwa ameutuma. Ulikuwa unapiga-piga pale pahali patupu kando yake, unasimama, unapapasa shuka huku na huku kama unaomutafuta mutu, haumwoni, unarudi kupiga-piga tena.

Fabiola alikuwa amesimama mulangoni, mutoto kifuani. Alinong'ona, "Mama... unabembeleza nani?"

Masika angeweza kusema. Lakini alimwona Élodie nyuma ya kitambaa, kile kisogo kidogo chenye nywele laini, akasema, "Nafanya mazoezi."

Jirani aliyeogesha mutoto akapanda kwenda Rumangabo kwenye kilio cha shangazi yake. "Leo ni zamu yangu," Masika akamwambia binti yake. Fabiola alisita, akautazama ule mukono ukikunja nepi vizuri kuliko wa mutu muzima, akakubali. Aliweka kigoda, akamukalisha mama yake, akamulalisha Élodie uchi mapajani, kisha akateremsha sufuria kutoka kwenye mbabula, lile jiko la makaa, akamwaga maji katika basani.

"Ungojee, mama. Nikuletee bido ya maji baridi, tuchanganye."

Akatoka.

Na mukono ukajiinua. Ukaingia katika maji mpaka kwenye kifundo, ukayakoroga polepole, kwa raha. Masika hakusikia kitu, na kwa kuwa hakusikia kitu akawaza kwamba maji ni mazuri, kwa sababu maisha yake yote ule mukono ndio ulikuwa unamuambia habari ya maji, na haujawahi kumudanganya hata siku moja. Onyo la Evariste lilikuwa mbali, kama neno lililosemwa kwa nyumba ya pili. Ndipo mukono ukatoka ndani ya muvuke, ukamushika Élodie chini ya kwapa, kwa upole, vile anavyoshikwa mutoto na mutu aliyezaa, ukaanza kumuvuta kwenda kwa basani, na Masika akauona kwa mara ya kwanza vizuri, ngozi yake imekuwa nyekundu kama nyama, imeinuka mapovu tangu vidole mpaka kifundo, na bado ulikuwa unavuta, bila haraka, na mutoto alikuwa anacheka kwa sababu anafikiri ni muchezo, na mukono wa kushoto ulimushika huku wa kulia unamushika kule, na wa kulia ulikuwa na nguvu kuliko mukono wowote aliowahi kuwa nao, hata katika usichana wake, hata siku za kubeba magunia, na visigino vya Élodie vilikuwa vimefika juu ya muvuke, na Masika, aliyekosa mukono wa tatu, akainama akauuma mukono wake mwenyewe kwa meno yote aliyobakiza.

Hakusikia maumivu. Alisikia ladha tu: majivu.

Mukono ukaachia, kidole baada ya kidole. Ukamupiga-piga Élodie mara moja kwenye tumbo, kama unaomuambia tutaonana, ukaanguka.

Fabiola aliingia na bido. "Mama! Mukono wako! Mama!"

"Kamata mutoto," Masika akasema, vile mutu anavyoomba chumvi. "Umutoe kwangu."

Jioni ile waliongea kwa sauti za chini, kioo kimefunikwa na kitenge kule pembeni. Achille alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilikitoa Munigi," akasema. "Kwa vijana wanaochimbaka mabati chini ya mawe ya volkano. Walinipa kama bure. Walisema... ilikuwa nyumba ya mama mumoja. Siku volkano iliposhuka alikuwa ametoka muzima, halafu akarudi ndani kuchukua mutoto. Hawakutoka tena. Vyote viliungua, kioo peke yake hakikupasuka."

"Na wewe ukakileta kwa nyumba yenye mutoto muchanga," Fabiola akasema.

"Ilikuwa kioo tu, Fabiola. Kine alitaka kikubwa."

Evariste, aliyeitwa kuja kufunga kidonda, alifunga bendeji bila kuinua macho. "Kuna mikono inayofanyaka kazi bila ruhusa ya mwenyewe. Nilisomeshwa hiyo. Kwa kuungua niko na dawa." Akakitazama kile kitenge. "Kwa ile ingine, siko na kitabu. Lakini maji, mama, nilikuambia."

"Uliniambia."

Kesho yake walimupeleka kwa mama Donatille wa Munigi, mujane anayeombea watu, mwenye sauti ndogo na vidole virefu. Aliunusa ule mukono kama anayenunua samaki. "Wengine watakuambia ni jini. Jina si kitu. Huyu hana chuki. Alikufa kwa moto, sasa kwake moto ndio maji. Anatafuta mutoto wake amuogeshe. Ulisema kuya, naye akakuya."

"Umufukuze," akasema Achille.

"Mi? Kwa nyumba isiyo yangu? Aliyemwita ndiye atamurudisha."

Waliketi saa sita ya mchana juu ya mawe meusi, hapana nyasi, hapana kivuli. Donatille alisimamisha kioo kati ya mikono ya Masika kama siku zote, akaanza kuomba kwa Kinyarwanda, chini-chini. Masika aliweka mukono wa kushoto juu ya goti, ukatulia. Lakini ndani ya kioo mukono haukutulia. Uliinuka peke yake, kucha zake nyeusi kama makaa, ukaja mpaka kwenye kioo chenyewe, ukaanza kukipiga-piga kutoka ndani. Pa. Pa. Pa. Harufu ya mawe ya moto ikapanda, na mawe waliyokalia yalikuwa baridi.

"Sema sasa," Donatille akanong'ona.

"Sikukuita wewe," Masika akasema. "Mukono huu ni wa Masika."

"Malizia."

"Nabaki na mukono wangu uliokufa."

Mudomo ulisema hivyo. Lakini moyo, kabla haujakatazwa, ulisema neno lake pembeni: uache hata kidole kimoja. Kimoja tu, nimushike mutoto.

Ndani ya kioo mukono ulisimama, kama mutu aliyesikia. Kisha ukateremka. Kioo kikapasuka tangu juu mpaka chini, na mukono wa kulia wa Masika ukaanguka juu ya paja lake, muzito kama gunia lililonyeshewa. Achille alikilaza kioo uso chini, akakirundikia mawe.

"Umesema yote?" Donatille akamuuliza.

"Nimesema yote."

"Na moyo?"

Masika akautazama mulima na moshi wake. "Nusu yangu haisikie kitu, mama. Sijui moyo uko upande gani."

Mvua zikaja. Kidonda kikakauka. Evariste alirudi na mupira mudogo wa kubana, bila kioo. "Sasa unauita na jina, koko." Masika akaita: mukono wa Masika, kuya. Haukuja. Élodie akaanza kukaa, jirani akaendelea kumuogesha, na Masika akatazama.

Halafu mchana mumoja, akiwa peke yake, kidole cha shahada cha mukono wa kulia kikainuka.

Aliungoja moyo wake urukeruke, haukuruka. Akavuta termos kwa mukono wa kushoto, akamimina maji yanayotoa muvuke katika kikombe, akakiingiza kidole ndani. Akangoja kuungua. Aliyangoja maumivu vile unavyomungoja mutoto aliyesafiri, ukihesabu kila pikipiki inayopita. Hayakuja. Ndani ya kikombe kidole kikageuka, kikayakoroga maji polepole, kwa raha.

Masika akakitoa. Akachukua kitenge, akaufunga mukono wote kwenye kifua chake, akakaza fundo kwa meno.

"Kitu chochote kimetikisika, mama?" Evariste aliuliza siku iliyofuata.

"Hapana."

"Juu ya nini umeufunga?"

"Baridi."

Evariste akakubali. Fabiola akamuleta Élodie, akamuweka katika mukono wa kushoto, na mutoto akaegemeza shavu lake kwenye kitenge, akafumba macho, akalala haraka kuliko siku zote. Fabiola akatabasamu. "Ona vile anakupenda."

Masika hakusikia kitu, kwa hiyo ilimubidi ateremshe macho atazame. Chini ya kitambaa, karibu na sikio la mutoto, kidole kilikuwa kinapiga-piga, polepole, vile mama anavyomubembeleza wa kwake.