Usukani Uliong'olewa Mota

Rafiki yangu fundi, jitu la miraba minne, aling'oa mota ya umeme kwenye usukani wa gari la mbio la shemeji yake, uzungushwe kwa misuli tu. Usiku umeme ukakatika, gereji ikawa giza totoro. Gari likiwa juu ya jeki, akaketi kuujaribu, gumba kalipachika ndani ya duara la usukani kama alivyozoea enzi za mota, iliyozuia usukani kurusha mkono. Usukani ukamvuta.

"Shemeji, acha kuchezea matairi!"

"Matairi gani, bwana? Mimi niko nje!"

Ukazunguka kwa kishindo. Ka! Mkono ukavunjika. Akaukamata usukani kwa mkono mwingine. Ukauvunja na huo.

Shemeji alipomulika tochi, usukani ulikuwa umetulia, unachuruzika damu. Ngozi iliyofunika usukani ilibonyea alama za vidole vinane, vya mtu aliyeushika kutokea ndani ya dashibodi.