Tupa Vidonge Vyako Leo

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani. Asubuhi ya Jumapili, baba alikuwa sebuleni akipiga pasi suruali ya mteja, na bintiye alikaa kando, kompyuta mapajani. Baba alikuwa fundi cherehani. Binti aliandika vichwa vya matangazo ya mtandaoni, tena kwa ustadi hata wenzake ofisini wakamwita Ndoano.

"Kazi zetu ni ndugu," baba alimtania. "Mimi natundika nguo dirishani, wewe unatundika maneno."

"Ndiyo, baba. Mteja lazima aingie."

"Ila wangu akiingia, nguo anaikuta."

Wakacheka. Binti alicheka kidogo kuliko baba.

Wiki ile ofisi yao ilikuwa ikiuza unga wa majani kwa wenye shinikizo la damu. Desturi yao ilikuwa kuliwekea kila tangazo vichwa viwili, kuviacha mtandaoni kwa saa mbili, kisha kukifuta kilichobonyezwa na wachache. Kichwa cha kwanza cha Ndoano kilisema: "Unga wa majani wa kuongezea mlo wako." Cha pili kilisema: "TUPA VIDONGE VYA PRESHA LEO! Siri ambayo daktari wako hataki uijue." Chini kabisa, katika aya ya tisa ya makala yenyewe, aliongeza sentensi ya kweli: msomaji asiache dawa bila kumwona daktari. Alijua fika kwamba wengi hawafiki hata aya ya pili. Sentensi ile aliiandika ili kujituliza moyo. Ni wangapi kati yetu tusiofanya hivyo?

Kichwa cha pili kilishinda kabla saa moja haijaisha. Meneja akampigia makofi.

Majuma matatu baadaye, kinyozi jirani yao alipiga simu. "Dada, njoo upesi. Mzee kaangukia cherehani. Mdomo umekwenda upande."

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja. "Vidonge vya presha aliacha lini?"

"Hajaacha," binti alijibu. "Namnunulia mwenyewe kila mwezi."

Kinyozi alitazama sakafu. "Aliacha, dada. Alitusomea kitu pale kwangu, akasema aliyeandika lazima awe msomi. Alitaka akushtukize akishapona."

Akampa simu ya mzee. Binti akakisoma kichwa chake mwenyewe. Unga wenyewe mzee hakuununua. Hata makala hakuifungua. Kichwa kilimtosha.

Alikimbilia ofisini. "Kifute, bosi! Baba yangu hawezi kusema."

"Pole sana, dada. Nakifuta sasa hivi." Meneja alikifuta kweli, kisha akamgeuzia kompyuta. "Lakini tazama. Kurasa ngapi zimeshakinakili? Hizo si zetu."

Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Nyingine zilikuwa zimekiongezea chumvi. Ndoano akaketi akaandika kichwa kipya: "Usiache dawa za presha bila kumwona daktari." Kilikaa hewani siku nzima. Waliokibonyeza walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa kinyozi.

Jioni shangazi, dada wa mzee, alifika wodini, simu mkononi.

"Usikate tamaa, mwanangu. Nimetumiwa dawa ya kaka yangu. Tumwachishe hivi vidonge vya hospitali, ndivyo vinavyommaliza. Hebu soma."

Binti hakuhitaji kusoma. "Shangazi, haya niliyaandika mimi. Ni uongo mtupu."

Shangazi alimtazama kwa huruma, akamshika bega. "Uchungu unakusemesha, mama. Mambo kama haya huandikwa na wataalamu."

Akavuta kiti karibu na kitanda, akaanza kumsomea kaka yake kichwa kile taratibu, neno kwa neno. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaitikia kwa jicho lake moja lililobaki zima.

FUNZO

Kwa watu wengi, kichwa cha habari ndicho habari yote. Basi wewe unayeandika, usiahidi juu jambo utakalolikana chini, wala usijidanganye kwamba wasomaji wako ni watu wa mbali. Nawe unayesoma, dawa muulize aliyekupima. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga hubaki ameshika ndoo tupu, akitazama yanakoelekea.